Sharti Lililofichwa katika Kitenzi-jina cha Kifaransa

Mfasiri wa hati za Kifaransa aghalabu hulitafuta sharti penye neno si, kama sisi tunavyolitambua kwa -ki- au kwa neno kama. Lakini hati hizo zimejaa masharti yaliyojengwa kwa kihusishi na kitenzi-jina tu: à condition de, à moins de.

Muundo huu haukurithiwa kutoka Kilatini cha kale, ambacho hakikutanguliza kihusishi mbele ya kitenzi-jina. Ulikua katika lugha zilizozaliwa nacho. Katika Kifaransa cha kale kiwakilishi cha kujirejea mahali hapo kilikuwa na umbo zito, soi: por soi vengier, yaani ili kujilipizia kisasi. Baadaye umbo jepesi, se, likashika nafasi yake. Waandishi wa karne ya 17 walisema pia à moins que de, kisha que ikadondoka katika usemi wa kawaida.

Mwaka 1539, kwa amri ya Villers-Cotterêts, Mfalme François wa Kwanza aliagiza hati za mahakama ziandikwe kwa Kifaransa, tena ziwe wazi zisiache shaka. Hata hivyo kitenzi-jina hakimtaji mtenda. Kiwakilishi ndicho kinachosaidia: à condition de te taire ni mradi unyamaze, à condition de nous taire, mradi tunyamaze. Kiambishi chetu -ji- hakibadiliki kwa nafsi, na hapa hata hakihitajiki. Kadhalika, à moins de me tromper ni nisipokosea. Anayeandika kujidanganya amefasiri kiwakilishi, hakufasiri kitenzi.

Tuchukue sentensi hii: Le candidat sera admis à condition de s'inscrire. Kwa kuwa mtenda wa kitenzi-jina ni yule yule wa sentensi kuu, wajibu ni wa mwombaji. Tukiandika "atakubaliwa kwa sharti la kuandikishwa", mzigo umehamia kwa karani, na mwombaji atakaa nyumbani akingoja. "Atakubaliwa mradi ajiandikishe" ndiyo tafsiri. Watenda wakiwa wawili, Kifaransa chenyewe aghalabu hukiacha kitenzi-jina: à condition que tu te taises.

Huko Kongo, ambako Kifaransa ni lugha rasmi na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, tofauti hii si ya darasani tu. Sisi tungependelea umbo la -e lenye kiambishi cha nafsi, hata pale "kwa sharti la" linapoonekana kuwa na heshima zaidi.