Vyungu Vingi vya Kakuma



Mtu aingiapo leo sokoni Kakuma hudhani ya kuwa mji huu umekuwa na vyungu vya kila taifa tangu zamani. Sivyo. Chakula cha Mturkana kilikuwa maziwa, damu na nyama, pamoja na mtama uliolimwa kandokando ya mito ya Turkwel na Kerio, na matunda ya mikoche. Samaki alikuwa wa watu wa ziwani, na mwenye ng'ombe alimdharau mlaji wake. Njaa ya mwaka 1961 ndiyo iliyowapeleka wengi ukingoni mwa ziwa kujifunza nyavu.

Mwaka 1992 walifika Kakuma vijana wa Sudan waliotembea kwa miguu, maelfu kwa maelfu, wengi wao watoto wasio na wazazi. Wakaja Wahabeshi na Wasomali, kisha Wakongo, Warundi na wengineo. Wasudani walileta kisra ya mtama. Wahabeshi injera, na kahawa iliyokaangwa mbele ya mgeni. Wasomali wali wa nyama na anjera. Wakongo ugali wa muhogo na yale majani wayaitayo sombe, ambayo watu wa pwani huyaita kisamvu. (Anjera na injera ni ndugu, lakini si busara kumwambia mpishi hivyo.)

Sisi wenyeji tuliingia karamuni kwa mlango wa nyuma. Posho iligawiwa wageni. Hivyo mama zetu walibeba kuni na makaa wakabadilisha kwa mahindi na unga, hasa mbuzi walipokufa kwa ukame. Jambo hili liliwauma wazee, wala hatuna haja ya kulificha: mwenye nchi akanunua posho ya mgeni. Hata hivyo, mgeni aliyetoa unga wake alikuwa akipunguza chakula cha wanawe ili apate moto wa kukipikia.

Kuanzia mwaka 2015 sehemu ya posho ililipwa kwa fedha za simu, katika mpango ulioitwa Bamba Chakula, na biashara ikachangamka. Makazi ya Kalobeyei, yaliyofunguliwa mwaka 2016, yalikusudiwa wageni na wenyeji pamoja. Lakini mwaka 2025 posho ilipunguzwa sana kwa upungufu wa fedha za wafadhili. Wako wanaosema hayo ni ya wageni peke yao. Nao husahau kwamba mama mwenye mzigo wa kuni hulipwa kutoka chungu kile kile.