Mkaguzi wa Ukuta wa Pamoja

Mkaguzi wa ukuta wa pamoja ni mtu anayeamua, chini ya Sheria ya Kuta za Pamoja ya 1996 ya Uingereza na Wales, jinsi ujenzi utakavyofanyika kwenye ukuta wa majirani wawili au kando yake. Sheria ilianza kutumika Julai 1997.

Anayejenga humpa jirani notisi ya maandishi: miezi miwili kwa kazi ya ukuta wenyewe, mwezi mmoja kwa kuchimba msingi karibu. Jirani asiporidhia ndani ya siku 14, huhesabiwa kuwa pana mgogoro. Hapo pande hizo mbili huteua mkaguzi mmoja kwa pamoja, au kila upande huteua wake, na hao wawili humchagua wa tatu.

Ingawa kwa kawaida anayejenga ndiye hulipa ada, mkaguzi si wakili wake. Hata aliyemteua hawezi kumfukuza. Kinga kubwa ya jirani ni kumbukumbu ya hali ya nyumba, yenye picha na maelezo ya kila ufa, inayoandaliwa kabla kazi haijaanza. Bila hiyo, ubishi kuhusu ufa wa zamani na mpya hauishi. Uamuzi wa maandishi wa mkaguzi, uitwao tuzo, hupanga saa za kazi, ruhusa ya kuingia kwa jirani, ukarabati na fidia. Jirani aweza pia kudai dhamana ya fedha. Asiyeridhika na tuzo ana siku 14 za kukata rufaa mahakamani.

Ajabu ni kwamba sheria haidai shahada yoyote: yeyote asiye mhusika katika shauri aweza kuteuliwa.