Tsunami ya 2004: Nani Alijua, na Ilisaidia Nini?

Kila Boxing Day nikiona Pirates ilivyofurika watu kutoka Kisauni, Likoni mpaka Changamwe, huwa nawaza Desemba 26, 2004. Wengi wenu mlikuwa wadogo ama hamjazaliwa. Siku hiyo watu walitolewa kwenye fuo za Mombasa katikati ya sikukuu, na kwa macho, bahari ilikuwa ile ile tu.

Tetemeko la ukubwa wa 9.1 lilipiga karibu na Sumatra kabla ya saa kumi alfajiri, saa za kwetu. Mawimbi yalichukua muda wa saa nane hivi kutufikia. Sasa cheki nani alikuwa na habari gani.

Wataalamu wa Hawaii walilijua tetemeko ndani ya dakika chache. Lakini kituo chao kilikuwa cha Pasifiki. Bahari ya Hindi haikuwa na mfumo wa tahadhari. Hawakuwa na wa kumpigia simu huku. Habari nzuri, ila kwetu haikufaa kitu.

Wavuvi wetu walijua mwezi ni mpevu, maji ni ya bamvua. Ukweli mtupu, ila unajibu swali lingine.

Ikabaki televisheni na redio, na habari za maafa ya Asia. Hazikuweza kutuambia wimbi litakuja na urefu gani huku. Lakini ziliwahi, zikawafikia watu wenye uwezo wa kufanya kitu. Na hesabu yenyewe si ngumu: ukiwatoa watu bure, umewaharibia mchana mmoja. Ukiwaacha na lije, ni mazishi.

Kenya alikufa mtu mmoja. Somalia, karibu 300. Sisemi ni habari pekee, manake kule mawimbi yalikuwa makali zaidi. Lakini mtu asiye majini hazami.

Kwa hivyo forward ikikufikia, usiishie kuuliza "ni kweli?" Uliza pia: imekuja mapema? Itabadilisha nitakachofanya? Na nikikosea, nalipa nini?

Tangu 2011 Bahari ya Hindi ina mfumo wake wa tahadhari. Sawa. Lakini siku ukisema tokeni majini, na bahari imetulia tuli, na ushalipa nauli ya matatu kuja… wewe ungetoka?