Moshi wa jikoni katika Nyanda za Juu Kusini

Moshi wa jikoni katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania ni uchafuzi wa hewa unaotokea ndani ya nyumba wakati kuni, mkaa au mabaki ya mimea yanapotumika kwa kupikia na kuota moto. Katika mikoa ya Mbeya na Iringa tatizo hili huongezwa na baridi: familia hufunga milango na madirisha ili kutunza joto, na moshi hubaki ndani. Madirisha, mabomba ya moshi na vichujio vya hewa husaidia kwa viwango tofauti, lakini hakuna kati ya hivyo kinachopunguza moshi unaovutwa kama kuacha kuwasha moto wenye moshi ndani ya nyumba.

Duniani, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba uchafuzi wa hewa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, vikiwemo vya watoto zaidi ya 237,000 wenye umri chini ya miaka 5.

## Mazingira

Jiji la Mbeya liko kwenye kimo cha takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Iringa uko juu ya mita 1,500. Miezi ya Juni hadi Agosti ni ya baridi kali, na usiku halijoto inaweza kushuka chini ya nyuzi 10 za selsiasi. Kwa hiyo jiko si mahali pa kupikia tu. Ni mahali pa kuota moto, kuzungumza na kulaza watoto wadogo.

Zamani Wahehe wa Iringa walijenga tembe, yaani nyumba za udongo zenye paa bapa na nafasi chache za kupitisha hewa. Moshi wenyewe ulikuwa na faida zake: ulikausha mahindi yaliyohifadhiwa kwenye dari juu ya mafiga, ulifukuza wadudu waharibifu wa nafaka na kupunguza mchwa kwenye miti ya paa. Desturi ya kuhifadhi mahindi juu ya moto ni sababu mojawapo ya baadhi ya familia kusita kuhamisha moto nje ya nyumba.

Nishati hutofautiana kwa eneo. Vijijini kuni ndizo zinazotumika zaidi, na mijini mkaa. Wilayani Mufindi, karibu na shamba la miti la serikali la Sao Hill, watu hutumia pia mabanzi na maranda kutoka viwanda vya mbao. Kuni mbichi au zenye unyevu hutoa moshi mwingi kuliko zilizokauka.

## Athari kwa mapafu

Moshi wa kuni ni mchanganyiko wa gesi na chembechembe. Zinazodhuru zaidi ni zile zenye kipenyo kisichozidi mikrometa 2.5, maarufu kama PM2.5. Kwa kuwa ni ndogo mara nyingi kuliko unene wa unywele, hupita pua na koo na kufika kwenye vifuko vya hewa ndani ya mapafu. WHO ilipendekeza mwaka 2021 kwamba wastani wa mwaka wa PM2.5 usizidi mikrogramu 5 katika mita moja ya ujazo ya hewa. Jiko la kuni lisilo na bomba hupita kiwango hicho mara nyingi.

Magonjwa yanayohusishwa na moshi huo ni pamoja na:
* nimonia, hasa kwa watoto wanaobebwa mgongoni mama anapopika;
* ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, unaowapata hata wanawake wasiowahi kuvuta sigara;
* pumu, ambayo moshi huichochea au kuizidisha;
* saratani ya mapafu;
* magonjwa ya moyo na kiharusi.

Wanawake na watoto huathirika zaidi kwa sababu hukaa karibu na moto kwa saa nyingi. Mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu naye yumo hatarini, kwa kuwa mapafu yake yanaweza kubaki na makovu. Kituo cha Mbeya cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) kilishiriki katika TB Sequel, mradi wa kimataifa unaofuatilia hali ya mapafu ya wagonjwa hao.

## Jiko la mkaa chumbani

Mkaa hautoi moshi mwingi unaoonekana, na kwa sababu hiyo wengi hudhani ni salama kuingiza jiko chumbani wakati wa baridi. Mkaa unaowaka hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo mwili hukosa oksijeni ingawa mtu anaendelea kupumua.

Dalili za kwanza ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Aliyelala anaweza kufa bila kuamka. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoi uhakika wa usalama. Jiko linapaswa kutolewa nje kabla ya kulala. Aliyeathirika apelekwe mara moja kwenye hewa safi na kisha hospitalini, ambako hupewa oksijeni.

## Kupitisha hewa

Hewa hupita vizuri chumba kinapokuwa na nafasi mbili zinazoelekeana. Moshi wa moto hupanda juu, kwa hiyo matundu yaliyo chini kidogo ya paa huutoa vizuri kuliko dirisha la chini. Jiko lililojengwa mbali na chumba cha kulala huwalinda waliolala, lakini halimlindi mpishi ikiwa jiko lenyewe limefungwa.

Bomba la moshi, au dohani, hutoa sehemu kubwa ya moshi likijengwa sawasawa. Linahitaji kuondolewa masizi mara kwa mara na kuzibwa nyufa. Hata hivyo moshi uliotoka unaweza kurudi kupitia madirisha ya jirani pale nyumba zinapokaribiana.

## Vichujio vya hewa

Katika nchi za baridi zenye nyumba zilizozibwa sana, mitambo ya kuingiza hewa huwa na vichujio vinavyozuia vumbi, chavua na moshi wa nje. Vile vya daraja la HEPA hunasa asilimia 99.97 ya chembechembe zenye ukubwa wa mikrometa 0.3.

Katika nyumba nyingi za Mbeya na Iringa hali ni kinyume: chanzo kikuu cha uchafu kiko ndani, si nje. Kichujio chenye feni kinaweza kupunguza chembechembe katika chumba kisicho na moto, kwa mfano wakati wa vumbi la kiangazi au moto wa mashamba. Kinahitaji umeme na kubadilishwa kinapojaa. Muhimu zaidi, kichujio cha chembechembe hakinasi monoksidi ya kaboni. Hivyo hakiwezi kufanya jiko la mkaa kuwa salama chumbani.

Wavu wa dirishani nao si kichujio cha moshi. Matundu yake hupimwa kwa milimita, nayo chembechembe za moshi hupita bila kizuizi. Wavu uliojaa vumbi hupunguza hewa inayoingia, kwa hiyo unafaa kuoshwa.

## Tafiti

Tafiti zimeonyesha kwamba kupunguza moshi ni rahisi kuliko kupunguza nimonia. Nchini Guatemala, utafiti wa RESPIRE uliochapishwa mwaka 2011 uligundua kwamba jiko lenye bomba lilipunguza kwa takriban nusu monoksidi ya kaboni iliyowafikia watoto. Nimonia kali ilipungua, lakini upungufu wa nimonia kwa ujumla haukuwa wa uhakika kitakwimu.

Nchini Malawi, utafiti wa CAPS ulihusisha watoto zaidi ya 10,000 katika wilaya za Chikwawa na Karonga. Karonga inapakana na Tanzania. Majiko yenye feni yanayochoma kuni kwa usafi zaidi hayakupunguza nimonia. Watafiti walitaja vyanzo vingine vya moshi vilivyobaki, kama uchomaji wa taka na tumbaku.

Utafiti wa HAPIN katika nchi za Guatemala, India, Peru na Rwanda ulihusisha wajawazito takriban 3,200, na karibu nusu yao walipewa gesi. Chembechembe walizovuta waliopewa gesi zilipungua sana, lakini matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 hayakuonyesha kupungua kwa nimonia kali kwa watoto wachanga. Nimonia ina visababishi vingi, hivyo chanjo, lishe na matibabu ya mapema hubaki muhimu hata pale jiko linapobadilishwa.

## Sera

Serikali ya Tanzania iliziagiza taasisi zinazohudumia watu zaidi ya 100 kwa siku, zikiwemo shule, ziache kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024. Mwezi Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034.

Gesi na umeme hupika bila moshi wa kuni, lakini havichukui nafasi ya moto wa kuota. Katika Nyanda za Juu Kusini familia inaweza kupika kwa gesi na bado ikawasha mkaa usiku kwa ajili ya joto.

## Tazama pia
* Nishati safi ya kupikia
* Monoksidi ya kaboni
* Nimonia
* Mkoa wa Mbeya
* Mkoa wa Iringa