Gari Letu na Mlima wa Newala

Wanachama waliojiunga nasi miaka ya karibuni huuliza kwa nini katika daftari la kikundi kuna kurasa nyingi zenye kichwa kimoja tu, "Gari", na kwa nini akina mama wa zamani wakizifungua hucheka kwanza, kisha hunyamaza. Katika kitabu hiki cha kutimiza miaka kumi tumeona vema habari hiyo iandikwe. Lakini haielezeki bila kuanza na mlima.

Masasi iko chini, katikati ya vilima vya mawe. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, na anayesimama pale Shimo la Mungu huliona bonde la Ruvuma lote limelala chini yake. Wageni husifia. Sisi tunaoishi huku tunajua ya kwamba uzuri ule una gharama yake. Juu ya uwanda maji hayakai: mvua inanyesha, inazama mchangani, inatokea chini mabondeni. Bibi zetu waliteremka na vyungu alfajiri na kupanda navyo vimejaa. Mjerumani Karl Weule alipofika Masasi na Newala mwaka 1906, mizigo yake ilikuja juu ya vichwa vya wapagazi. Hata miaka ya 1950, maji yalipoanza kusukumwa kwa mashine kutoka bonde la Mitema, upande wa Kitangari, hayakufika kila kijiji wala kila siku. Kwa hiyo huku kwetu mtu akisema "mzigo" ana maana ya kitu kinachopanda.

Reli nayo ilikuja ikapita chini. Ile ya mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947, ilikwenda Nachingwea, haikugusa Newala. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilifungwa na vyuma vikang'olewa. Yaliyobaki ni malori ya korosho, na lori la korosho halimsubiri mama mwenye tenga mbili za nyanya.

Magari ya mtumba kutoka Japani yalianza kuingia nchini kwa wingi baada ya biashara kulegezwa katikati ya miaka ya 1980. Dar es Salaam walipata vipanya vyao mapema. Sisi wa kusini tulichelewa kwa sababu ya barabara: mpaka daraja la Mkapa lilipofunguliwa pale Rufiji mwaka 2003, gari lilivuka kwa pantoni, na mto ukijaa watu walilala ng'ambo. Baada ya hapo Toyota HiAce zikaenea hadi Masasi mjini.

Kikundi chetu kilipofikia mwaka wa tatu, nusu ya mikopo tuliyokuwa tunapeana ilikuwa ya biashara moja: kupeleka Newala vitunguu, mchele na dagaa, na kurudi na makopa na korosho za kubangua. Nauli na ushuru wa mizigo vilikuwa vinakula faida. Mama akirudisha mkopo, anabaki na hadithi. Ndipo hoja ya gari ikaletwa mkutanoni.

Tulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa HiAce yenye injini ya 1KZ-TE, lita 3, yenye tabo, karibu nguvu za farasi 130. Hiyo mlima ingeupanda inaimba. Lakini fedha zetu hazikutosha. Ilibidi tukope, na mkopeshaji alitaka dhamana ya mashamba ya mikorosho. Ya pili ilikuwa HiAce ya dizeli yenye injini ya 2L, sentimita za ujazo 2,446, haina tabo, nguvu zake hazifiki farasi 90, nayo ilikwishatembea sana. Hii tungeilipa yote kwa mkupuo, kwa fedha yetu wenyewe.

Fundi tuliyemchukua aikague hakutuficha. Alisema injini ya namna ile ni mvumilivu, dizeli inakunywa kidogo na spea zake zinapatikana hadi vijijini, ila kwenye mlima haivuti. Tabo husukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda, ndipo dizeli nyingi zaidi iungue. Isiyo na tabo huvuta ile inayoweza kuivuta tu, basi. Ukiilazimisha hutoa moshi mweusi na kuchemsha, na 2L ikichemsha sana hedi yake hupasuka. Mita ya kilomita alituambia tusiitazame kabisa, maana namba zake hurudishwa nyuma.

Mabishano yalichukua mikutano miwili. Vijana walitaka lenye nguvu. "Tununue kobe wa nini?" mmoja aliuliza, na kwa kweli swali lake lilikuwa zuri. Lakini mama mmoja wa makamo, ambaye hasemi sana, alisimama akauliza mashamba hayo ya dhamana ni ya nani. Kimya. Mengine yalikuwa ya waume, mengine ya wajomba, na kwetu sisi ambao ukoo unafuata upande wa mama, shamba la mjomba halipelekwi kwa mkopeshaji kama baiskeli. Akaongeza kwamba anaikumbuka miaka ya ubwiriunga, mikorosho ilipokauka maua na nyumba kukosa hata sabuni. Kura zikapigwa, kobe akashinda.

Safari ya kwanza ya mlima ilituonyesha kwamba fundi alisema kweli tupu. Katika HiAce injini iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo mama aliyekaa pale alilijua joto kabla ya dereva kutazama geji. Gia ya pili ikakataa, ya kwanza ikakubali kwa kunung'unika. Tulishuka, tukatembea nyuma ya gari letu, mizigo mingine kichwani, na watu wa njiani wakatuuliza kama tunalisindikiza mazishini.

Baada ya hapo mkutano uliweka utaratibu, na ndio unaojaza zile kurasa za daftari. Kupanda, gari libebe nusu ya mzigo, alfajiri kabla ya jua kali. Katikati ya mlima lisimame lipoe, na asiwepo mtu wa kufungua rejeta ya moto au kumwagia maji baridi. Kushuka libebe mzigo wake kamili, lakini kwa gia ndogo, kwani gari lililolemewa likishuka huchosha breki. Nauli ya kwenda na ya kurudi zikawa tofauti, jambo ambalo wenye magari ya nguvu walilicheka mpaka walipoona wateja wanalielewa.

Kisha ukaja msimu wa 2018/2019. Oktoba wakulima walizikataa bei za mnadani, na Novemba Serikali ikatangaza kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Miezi ile fedha taslimu zilikuwa adimu Masasi na Newala kote, na wenye madeni ya magari walihangaika. Kobe wetu hakudaiwa na mtu. Siku lisipopata abiria lililala uani, hatukulazwa macho na rejesho la mwisho wa mwezi.

Hedi ilipasuka mwaka wa saba wa kikundi. Tuliitengeneza, tukaliuza gari kwa mtu wa Masasi anayefanya kazi za mjini, mahali pasipo mlima, na tulimweleza yote kama fundi alivyotueleza sisi. Fedha zikarudi kwenye mfuko wa hisa. Sasa, miaka hii ya 2020, lami inawekwa katika kilomita 160 za kutoka Mnivata kupita Tandahimba na Newala hadi Masasi, na hoja ya gari imeletwa tena mezani. Safari hii vijana wameomba kwanza wasomewe kurasa zile za daftari, na katibu amepangiwa kuzisoma katika mkutano unaofuata sherehe hizi.