Kutoka Mpingo hadi Kompyuta: Historia ya Ukosoaji wa Sanaa ya Vipimo Vitatu Jijini Dar es Salaam

1. Utangulizi

Sanaa ya vipimo vitatu, yaani sanaa ya maumbo yenye urefu, upana na kina, imeandikiwa historia yake nchini Tanzania kwa kufuata mitindo, wasanii na soko. Swali la nani aliikosoa kazi kabla haijakamilika, na kwa namna gani, limepewa nafasi ndogo. Insha hii inalichunguza swali hilo jijini Dar es Salaam, kuanzia uchongaji wa Kimakonde wa miaka ya 1950 hadi uundaji wa maumbo kwa kompyuta wa miaka ya karibuni.

Barabara ya Bagamoyo inayaunganisha maeneo mawili yanayowakilisha vipindi hivyo viwili. Mwenge pana soko la vinyago ambako wachongaji hufanya kazi hadharani. Kilomita 12.9 kuelekea kaskazini iko Tegeta, kitongoji kilichokua kando ya kiwanda cha saruji cha Wazo. Huko, kama kwingineko pembezoni mwa jiji, kijana mwenye kompyuta anaweza kuunda umbo chumbani mwake bila mtu mwingine kuliona hadi limekamilika. Hoja ya insha hii ni kwamba ukosoaji jengefu ulitegemea masharti matatu: kazi ionekane ingali inatengenezwa, mkosoaji aijue kazi yenyewe, na maoni yatenganishwe na bei. Kompyuta imelidhoofisha sharti la kwanza, na kwa hiyo inambidi msanii alitimize kwa makusudi.

2. Bei kama maoni

Wachongaji wengi waliojenga jina la vinyago vya Kimakonde mjini Dar es Salaam walikuwa na asili ya uwanda wa Mueda, kaskazini mwa Msumbiji. Wengi wa Wamakonde waliovuka mto Ruvuma walifuata kazi katika mashamba ya mkonge. Mjini, mtu aliyekuwa na ushawishi mkubwa juu ya kazi zao alikuwa mfanyabiashara Mohamed Peera, aliyenunua vinyago na kuwahimiza wachongaji kujaribu mambo mapya. Ni katika uhusiano huo ambapo Samaki Likankoa, mnamo mwaka 1959, alianza kuchonga maumbo yaliyokuja kuitwa mashetani. Sidney Kasfir, katika makala yake ya mwaka 1980 kuhusu ufadhili na wachongaji wa Kimakonde, na Zachary Kingdon, katika kitabu chake cha mwaka 2002, wote wanaonyesha kwamba historia ya sanaa hii haielezeki bila kuzingatia uhusiano wa wachongaji na wanunuzi wao.

Hata hivyo, si sahihi kuuchukulia ushawishi huo kuwa ukandamizaji mtupu. Mnunuzi aliyekipokea kinyago kisichofanana na vilivyotangulia alimpa mchongaji uhuru ambao wateja wa kawaida wasingempa. Udhaifu wa bei uko kwingine: bei hutoa hukumu bila sababu. Mchongaji anayelipwa kidogo hajui kama kasoro iko katika uwiano wa viungo, katika ulaini wa uso au katika mada. Humbidi kukisia, na kisio lililo salama kuliko yote ni kurudia kilichouzika jana. Ndiyo maana soko lililozaa ubunifu ndilo pia lililojaza rafu vinyago vinavyofanana.

Mfano mwingine ni mtindo wa watu waliobebana, unaohusishwa na Roberto Yakobo Sangwani. Mtindo huo ulijulikana kwanza kwa jina la dimoongo, lenye maana ya nguvu. Baadaye ulienea kwa jina la ujamaa, jina lililoafikiana na siasa ya nchi baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Hapa tafsiri ya watazamaji ilikuwa na nguvu kuliko nia ya awali ya msanii. Maoni ya namna hiyo huipa kazi umaarufu, lakini hayamwelezi mchongaji lolote kuhusu ubora wa umbo.

3. Ukosoaji wa karakana

Sambamba na bei kulikuwa na ukosoaji wa namna nyingine, ule wa wachongaji wenyewe. Kipande cha mpingo huanza kupunguzwa kwa shoka au panga, kikafuata tezo, kisha patasi, tupa na hatimaye msasa. Kila hatua huonekana na aliyeketi jirani. Kwa kuwa kilichokatwa hakirudi, neno la mwenzake mchongaji lina thamani likitamkwa wakati wa tezo. Likitamkwa wakati wa msasa ni lawama tu. Uhaba wa nafasi ya kusahihisha uliwafundisha wachongaji kuzungumza mapema, na kuzungumzia jambo mahususi: shingo bado nene, au upande wa nyuma umesahaulika.

Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa mwaka 1972 kwa juhudi za Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll, iliuingiza utaratibu huo wa kufanya kazi bega kwa bega ndani ya taasisi. George Lilanga, aliyekuwa na msingi wa uchongaji, alijiendeleza humo katika uchapaji na uchoraji miongoni mwa wasanii wa fani mbalimbali. Tangu mwaka 2008, Nafasi Art Space huko Mikocheni imewapa wasanii karakana zinazopakana, nyingi zikiwa ndani ya makontena. Huko Nafasi, kama ilivyokuwa katika Nyumba ya Sanaa, ujirani ni sehemu ya mafunzo.

4. Upungufu wa istilahi

Vyuo vikuu viliimarisha uhakiki, lakini hasa katika fasihi. Mwanafunzi wa sekondari nchini Tanzania hufundishwa kuchambua dhamira, wahusika, muundo na mtindo. Hakuna istilahi zilizoenea kwa kiwango hicho kwa ajili ya umbo linalozungukwa. Matokeo yake, mtazamaji mwenye jicho zuri huishia kusema kwamba kazi inapendeza au haijakaa sawa. Kauli hiyo inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado isimsaidie msanii. Istilahi za karakana, zikikusanywa na kusanifishwa, zingeweza kuliziba pengo hilo vizuri kuliko tafsiri za maneno ya kigeni.

5. Umbo lisiloshikika

Mnamo Oktoba 2002, baada ya kampeni iliyokusanya euro 100,000, programu ya Blender iliyoasisiwa na Ton Roosendaal wa Uholanzi ilitolewa kwa umma bila malipo. Gharama ya programu ikaacha kuwa kikwazo kwa msanii wa Tegeta mwenye kompyuta inayofaa. Kazi yake inapingana na ya mpingo kwa namna mbili. Kwanza, kila kosa hurekebishika, hivyo ushauri unaweza kupokelewa hata mwishoni. Pili, anachoonyesha kwa kawaida ni picha bapa, iliyochaguliwa pembe, mwanga na rangi. Mwanga mzuri huweza kuficha bega lililokosewa, jambo ambalo mnunuzi wa Mwenge angelibaini kwa kukigeuza kinyago mkononi.

Aidha, ni lazima kipimo cha ukosoaji kijulikane. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town ulipotengeneza nakala za kidijitali za magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, usahihi wake uliweza kulinganishwa na kuta zenyewe. Umbo la kubuni halina ukuta wa kulinganishwa nao. Kipimo chake ni nia ya msanii. Asipoitaja nia hiyo, mkosoaji ataihukumu kazi kwa nia yake mwenyewe, kama ilivyotokea dimoongo ilipogeuka ujamaa.

6. Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba maoni yenye manufaa yalitokana na mazingira yaliyoiweka kazi wazi mapema, mbele ya watu wa fani. Mchongaji aliyapata mazingira hayo kwa kuketi tu karakanani. Msanii wa kompyuta hana budi kuyajenga: kuonyesha umbo tupu kabla ya rangi na mwanga, kuligeuza pande zote, kutaja nia yake na kuuliza swali mahususi. Pasipo hayo, atabaki na wapita njia wa kumsifu na bei ya kumhukumu, bila mtu wa kumwambia kwamba shingo bado nene.