Sauti Iwe na Nasaba

Reli ya Kati imetuachia karatasi nyingi: ramani za Wajerumani, picha za mabwana wenye kofia za jua wakiwa wamesimama juu ya tuta, ratiba, hesabu za mizigo. Kitu ambacho karatasi haziwezi kukitunza ni mlio. Ninatengeneza sauti za michezo ya redio. Kikundi kimoja cha wasanii kiliponipa kazi ya mchezo unaotokea Kilosa na Mikumi, kuanzia miaka ya 1950 hadi mafuriko ya Mkondoa, nilitafuta rekodi ya garimoshi la mvuke likipanda bonde lile. Sikuipata. Maktaba za sauti zinazouzwa mtandaoni zina mamia ya magarimoshi, ila ni ya Uingereza na Marekani, na filimbi zake zinalia kwenye tambarare zenye baridi. Mzee wa Kilosa akisikia filimbi hiyo atajua mara moja kwamba ni mgeni.

Ikabidi niutengeneze mlio huo kwa kompyuta, kutoka kwenye kelele tupu. Kazi hiyo ndiyo iliyonifanya nijiulize swali ambalo ni la mwanahistoria zaidi kuliko la fundi: sauti iliyotengenezwa leo ina haki gani ya kusema habari za jana?

Ujenzi wa reli ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro 1907, ukapita Kilosa, ukafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Baadaye tawi likatoka Kilosa kwenda Mikumi na kuendelea hadi Kidatu, ambako reli yetu yenye upana wa mita moja hukutana na ya TAZARA yenye upana wa milimita 1,067. Kwa miongo mingi mvuke ndio uliovuta mkonge wa Kimamba, pamba, askari, wanafunzi na maiti wanaorudishwa kwao. Kisha dizeli ikaingia. Mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na nchi hii ikaunda Shirika la Reli Tanzania, mvuke ulikuwa umekwisha kuwa wa kizamani. Injini ziliondoka moja moja, bila kuagwa.

Redio ilikuwapo. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, ikaja kuwa Tanganyika Broadcasting Corporation mwaka 1956, kisha Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965. Kwa hiyo mvuke na redio viliishi pamoja kwa muda mrefu. Lakini mashine za kurekodia zilikuwa nzito na utepe ulikuwa ghali. Uliwekewa hotuba, ngoma na bendi za dansi. Nani apoteze utepe kwa garimoshi ambalo kesho litapita tena saa ile ile?

Kwingineko walikuwapo waliodhani inafaa. Mwaka 1944 kijana wa Kimisri, Halim El-Dabh, aliazima mashine ya kurekodia kwenye waya kutoka kituo cha redio cha Cairo, akarekodi wanawake katika sherehe ya zari, ndugu wa ngoma zetu za pepo za pwani. Kisha akaichezea rekodi ile studioni, akiongeza mwangwi na kupunguza baadhi ya masafa, hadi sauti za watu zikawa kitu kingine. Miaka minne baadaye, Pierre Schaeffer wa redio ya Ufaransa alikwenda stesheni ya Batignolles, Paris, akarekodi injini za mvuke na kuzikatakata na kuzipanga upya kama mtu anayetunga wimbo. Injini za Paris zikaingia katika historia ya muziki wakati zetu zikiendelea kubeba mkonge.

Yaliyofuata nitayataja kwa haraka. Mwaka 1958 BBC ilifungua karakana yake ya sauti za umeme mjini London. Mwaka 1964 Robert Moog alionyesha sintesaiza yake huko Marekani. Mwaka 1967 John Chowning, akiwa Stanford, aligundua kwamba wimbi moja la sauti likitikiswa na jingine kwa kasi kubwa huzaa milio ya kengele na shaba; ugunduzi huo ndio uliokuja kuwa Yamaha DX7 ya mwaka 1983. Mwaka 1996 Steinberg ya Ujerumani ilileta utaratibu wa VST, na vyombo vilivyojaza chumba vikaanza kuwa plagini, yaani programu ndogo zinazoingia ndani ya programu ya kurekodia. Na kama kuna mtu bado anadhani hayo ni mambo ya Wazungu, aende Mburahati, Dar es Salaam, kwa vijana wa studio ya Sisso. Singeli yao, iliyotolewa kwenye albamu ya mkusanyiko na Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017, ilionyesha dunia kwamba kompyuta moja katika chumba kidogo inatosha.

Nami nilikuwa na kompyuta moja katika chumba kidogo. Mvuke kwa sintesaiza huanza na kelele nyeupe, ule mchakacho wa redio isiyokamata stesheni. Unaipitisha kwenye kichujio kinachobakiza masafa ya kati na ya chini, halafu unaipa umbo: ianze ghafla, ishuke upesi, ififie kabla ya pumzi inayofuata. Hiyo ni pumzi moja. Injini ya silinda mbili hutoa pumzi nne kila gurudumu linapozunguka mara moja. Gurudumu lenye kipenyo cha mita 1.2 husafiri karibu mita 3.8 kwa mzunguko. Kwa hiyo injini inayopanda kwa kilomita 10 kwa saa hupumua kama mara tatu kwa sekunde, na ikifika kilomita 30 kwa saa inapumua karibu mara tisa, kasi ambayo sikio linaanza kushindwa kuhesabu.

Hesabu hizo ni za kweli kwa injini yoyote duniani, na hapo ndipo upungufu wake ulipo. Kabla sijagusa plagini yoyote nilikwenda Kilosa kumwona mzee mmoja mstaafu wa reli. Nilimwamkia, nikaketi kwenye kigoda, nikamwomba aniambie garimoshi lililia vipi.

"Likipanda au likishuka?" akauliza.

Nikamjibu likipanda, kuelekea Kidete.

"Likipanda, mwanangu, halisemi chuku-chuku. Hiyo ya watoto wa shule. Likipanda na mzigo linasema *ni-pe-mo-to, ni-pe-mo-to*." Akatilia mkazo silabi ya kwanza na kuiburuta kidogo ya mwisho. "Likishuka linanyamaza. Hapo yanayosema ni minyororo na breki."

Nilimuuliza kuhusu Garratt, zile injini ndefu za Beyer, Peacock wa Manchester ambazo Reli ya Tanganyika ilikuwa nazo tangu miaka ya 1930. Garratt ni kama injini mbili chini ya bwela moja: seti mbili za magurudumu, kila moja na silinda zake, na hakuna kinachozilazimisha zizunguke pamoja. Mzee akacheka. "Hizo zilikuwa wanawake wawili kwenye kinu kimoja. Mara wanapishana vizuri, mara michi inagongana, mara wanapishana tena."

Sijawahi kusoma maelezo bora zaidi. Niliporudi nilitengeneza seti mbili za pumzi nne nne, moja ikiwa na kasi iliyozidi ya mwenzake kwa uchache sana, nikaziacha ziachane na kukutana zenyewe. Silabi zake nne zikanipa mkazo: pumzi ya kwanza ina nguvu kuliko tatu zinazofuata, na ya nne ina mkia. Hakuna plagini inayokuja na kitufe kilichoandikwa "nipe moto".

Hapo nikakumbuka kwamba Kiswahili kimekuwa kikifanya kazi hii siku zote. Pikipiki na tingatinga ni mashine zilizoitwa kwa milio yake, na mtu akitamka jina amekwisha kuuigiza mtambo. Tunatofautisha kishindo na mrindimo, mvumo na ngurumo, mchakacho na mwangwi. Kishindo huanza ghafla na kufa, mrindimo hujirudia, mvumo hauna mwanzo wala mwisho unaoonekana. Fundi wa sauti anapozungusha vitufe vyake, anapanga mambo hayo hayo: sauti ianze vipi, idumu kiasi gani, iishe vipi.

Si kila kitu kilihitaji kutengenezwa. Kengele nilipanga kuitengeneza kwa njia ya Chowning. Nondo ya chuma iliyoning'inizwa huru hulia kwa masafa yasiyolingana kama ya uzi wa gitaa: ukichukua mlio wake wa chini kuwa 1, wa pili ni kama 2.76 na wa tatu kama 5.4, na ndiyo maana kengele ya chuma ina ukali ambao zeze haina. Lakini kipande cha reli kinachoning'inia mtini kama kengele ya shule kipo hadi leo. Nikaomba ruhusa kwa mwalimu, nikakirekodi saa nne mapumziko yalipoanza, pamoja na watoto wakitoka mbio. Chuma hicho kiliwahi kukanyagwa na magurudumu yale yale niliyokuwa nikiyatafuta.

Mikumi ilikuwa na shida nyingine. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1964, na barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia inakatiza katikati yake, hivyo malori na tembo wanagawana usiku mmoja. Dereva wa lori tunamjua katika sanaa yetu ya redio: Mkwaju wa *Twende na Wakati*, mchezo ulioanza Radio Tanzania mwaka 1993 na uliowafundisha wengi habari za UKIMWI kupitia safari zake na wanawake wake. Lori si tabu kulirekodi. Tembo ana tabu yake, kwa sababu sehemu ya mngurumo wake iko chini ya hezi 20, mahali ambapo sikio la binadamu halifiki. Katy Payne aliugundua mwaka 1984 akiwa kwenye bustani ya wanyama ya Portland, Marekani, alipohisi hewa ikitetemeka bila kusikia kitu. Na wasikilizaji wetu wanasikiliza kwa simu, ambayo spika yake ndogo haiwezi hata kukaribia masafa hayo. Dawa yake ni hila ya sikio lenyewe: ukiweka masafa ya juu yaliyo vigawe vya mlio wa chini, ubongo unaujaza mlio usiokuwapo. Tembo wa mchezo wetu hayumo kwenye simu. Msikilizaji ndiye anayemleta.

Kisha yakabaki mafuriko. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 Mkondoa ulivunja kingo, ukaharibu nyumba za maelfu ya watu wa Kilosa na kuikata reli kati ya Kilosa na Gulwe kwa miezi. Maji ni rahisi kwa sintesaiza kuliko kitu chochote: kelele ile ile nyeupe, kichujio kinachopanda na kushuka polepole. Kwa dakika kumi ningekuwa na mafuriko ya kutisha. Lakini safari hii waliokuwapo ni wengi na wako hai, na wangeusikia mchezo.

Mama mmoja aliyepoteza nyumba aliniambia jambo lililobadilisha onyesho zima. "Maji hayakuvuma kama kwenye sinema. Tulisikia vyombo. Sufuria zinagongana jikoni, na jikoni hakuna mtu." Nikamuuliza kama angependa nisiitengeneze kabisa sauti hiyo. Akafikiri. "Itengeneze. Ila usiiongezee."

Neno hilo, usiiongezee, ndiyo kanuni niliyobaki nayo. Kila anayetumia plagini anajua kishawishi cha kuongeza: mwangwi kidogo zaidi, besi kidogo zaidi, ili msikilizaji ashtuke. Katika filamu ya majini ni halali. Katika habari ya watu wenye majina na makaburi, kila nyongeza ni ushahidi wa uongo. Na ushahidi huo utaishi kuliko sisi. Faili la sauti halina uso unaozeeka. Baada ya miaka hamsini mtu atalikuta na kusema, hivi ndivyo Kilosa ilivyolia.

Kwa hiyo kila sauti ya mchezo ule sasa ina karatasi yake. Inasema imetengenezwa, si rekodi. Imetengenezwa lini na kwa njia gani. Na nani aliulizwa, bila kutaja jina kama hakutaka litajwe. Wasimulizi wa zamani walitaja nani alimwambia nani ili hadithi iaminike. Sauti iliyotengenezwa nayo iwe na nasaba.

Na zile ambazo bado zipo zirekodiwe. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inapita Kilosa kwenye reli ya kisasa, ikiingia na kutoka mahandakini. Vyuma vyake vimechomelewa vikaungana, hivyo ule mgongo wa *takata-takata* wa reli ya vipande haupo. Wengi wanasema haina sauti. Inayo: ni mvumo mwembamba unaopanda treni inapoondoka, kisha upepo. Tunaweza kuurekodi leo kwa simu zilizo mifukoni, nasi tunauacha upite kwa sababu kesho utapita tena.